Gari limevishwa injini nyingine: AC je?

Mjomba, kama mtaa mzima wa hapa Nkuhungu, Dodoma, unavyomwita, ana Land Cruiser ya zamani iliyotoka kiwandani na injini ya petroli aina ya 3F. Mwaka jana petroli ilimshinda. Akaing'oa injini ile, akaweka 1HZ ya dizeli, na gari likapata uhai: linavuta, linapanda, halina maneno. Ila AC, iliyokuwa inapuliza baridi mpaka siku injini ya zamani inashushwa, haikuwaka tena. Kompresa iliondoka na injini yake, mabomba yakaachwa yananing'inia midomo wazi, na swichi ya kwenye dashibodi ikabaki pambo.

Alipoanza kuulizia, alirudi na majibu matatu ya gereji tatu. Fundi wa kwanza alisema AC ya gari la petroli haikai kwenye dizeli, asahau. Wa pili akamshauri anunue mfumo mzima, wafumue dashibodi na kuanza upya. Wa tatu hakufungua hata boneti: gesi imeisha, lete hela nijaze.

Majibu yote matatu yamekosea, na yanakosea mahali pamoja. Yanadhani AC ni kiungo cha injini. AC ni ya gari. Injini inaikopesha nguvu tu, kama mashine ya kusaga inavyoweza kuendeshwa na mota ya umeme leo na injini ya dizeli kesho, unga ukabaki ule ule. Ukishalishika hilo, kazi inayoonekana kubwa inapungua na kuwa maungio machache yanayopaswa kutengenezwa upya.

Kwanza niwajibu watu wa Dar, wanaotushangaa. Dodoma kuna upepo, mji uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, jioni mnatafuta sweta. AC ya nini? Kweli kabisa. Lakini njoo mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, ukae nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi. Una mawili: ufungue kioo ule vumbi, au ufunge uive. Wengi wetu huku tunaitaka AC ili tuweze kufunga vioo.

Spiriti ya zahanati

Kumbuka nesi anavyopaka spiriti kabla ya sindano. Ngozi inapoa ghafla, ingawa spiriti ile haikutoka kwenye friji. Inapokauka, yaani inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke, inaondoka na joto la mkono wako. AC ya gari ni mchezo huo huo, tofauti ni kwamba spiriti yake haipotei hewani. Inazungushwa ndani ya mabomba yaliyofungwa, irudi, itumike tena.

Spiriti hiyo ndiyo tunayoita gesi. Kwenye magari mengi tunayoendesha ni R134a, ambayo ikiachwa huru inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Nyuma ya dashibodi kuna kisanduku chenye mapezi membamba, evapoleta, ambamo gesi inageuka mvuke na kunyonya joto la ndani ya gari. Mvuke huo unavutwa na kompresa, unabanwa mpaka unapata moto mkali, kisha unapelekwa mbele ya rejeta kwenye kondensa, ambako upepo unaupoza urudi kuwa kimiminika. Kinapita kwenye chupa ndogo ya kukaushia, draya, halafu kwenye valvu yenye tundu jembamba inayokirushia evapoleta, na safari inaanza tena. Ukipenda mfano mwingine, gesi ni dodoki: linanyonya joto ndani ya gari na kukamuliwa nje. Kompresa ndiyo mkono unaokamua.

Sasa hesabu mwenyewe. Evapoleta na valvu vimo nyuma ya dashibodi, kondensa na draya vimeshikiliwa na bodi la gari kule mbele. Katika vitu hivyo vyote ni kompresa peke yake inayokaa juu ya injini. Fundi anayekwambia ununue mfumo mzima kwa sababu injini imebadilika anakuuzia vitu vinne ambavyo injini haijawahi kuvigusa. Huenda vimechakaa kwa umri wao, hilo ni jambo jingine na linapimwa.

Kompresa na mkanda wake

Swali la kwanza ni kompresa ipi ifungwe. Ushauri wangu hauna mizunguko: funga iliyozaliwa na injini uliyoweka. Kiwanda kilishachonga mashimo kwenye ubavu wa 1HZ kwa ajili ya braketi yake, kikapanga puli na mkanda vikae kwenye mstari mmoja. Kompresa ya 3F inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikakutesa, kwa sababu masikio yake yalikatwa kwa ajili ya injini nyingine. Kwa hiyo unaponunua injini ya mtumba, usikubali kupewa injini tupu. Dai kompresa, braketi, puli na kidude cha kukazia mkanda siku hiyo hiyo, kabla hamjamaliza bei. Ukirudi wiki ijayo kuulizia braketi peke yake, utaitafuta kama sindano mchangani. (Siku hiyo hiyo nakili na namba ya injini, kadi ya gari itaihitaji, na hilo ni suala lako na TRA.)

Kama injini ilikuja tupu, kuna kompresa za kufunga popote. Inayojulikana zaidi ni Sanden ya pistoni tano, 5H14, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 138 kila inapozunguka. Inakubali kulazwa ubavu, na haijali inazungushwa kulia au kushoto. Braketi utatengenezewa, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Nimeona braketi moja iliyokatwa kwenye bati la milimita 4, ikachomelewa vizuri, ikapakwa rangi nyeusi, ikapendeza. Ilidumu miezi miwili. Dizeli inatetemeka, na kila mtetemo unalikunja bati kidogo, kama mtu anayekunja waya huku na huku mpaka ukatike. Bati la milimita 10 au 12 ndilo la kuanzia mazungumzo. Na braketi ifungwe kwenye injini yenyewe, isifungwe kwenye chesisi hata kama kuna nafasi nzuri inayokutazama. Injini imekalia mauntini za mpira, inacheza kila unapokanyaga mafuta, chesisi haichezi. Mkanda unaounganisha hivyo viwili ni kama kamba iliyofungwa ncha moja kwenye mti na nyingine kwenye punda: punda akisogea, kuna kitakachokatika.

Halafu mstari. Weka rula ndefu ya chuma juu ya uso wa puli ya krenki (shafti kuu ya injini) na puli ya kompresa. Ikionyesha mwanya wa zaidi ya milimita mbili hivi, mkanda utapiga kelele asubuhi, utakula ubavu wake, na siku moja utaruka. Mafundi wengi wanapima kwa jicho. Jicho la fundi mzuri ni zuri, lakini rula ina bei ya soda chache.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ukubwa wa puli. Chukua puli ya krenki ya milimita 180 na ya kompresa ya milimita 120. Krenki ikizunguka mara moja, kompresa inazunguka mara moja na nusu. Dizeli inayoishia mizunguko 4,000 kwa dakika itaipeleka kompresa 6,000, mwendo ambao nyingi zinauvumilia. Hamishia puli hizo hizo kwenye injini ya petroli inayofika 6,000 na kompresa itatakiwa kwenda 9,000. Hapo unaisaga. Anayetoa petroli na kuweka dizeli ana tatizo la upande wa pili: kompresa inaweza kuzunguka polepole mno, AC ikapoza barabarani na kuchemka kwenye foleni.

Mabomba

Hapa sitakaa sana. Mabomba ya zamani hayatafika kwenye kompresa mpya, au yatafika yakiwa yamejikunja. Yatengenezwe mapya kwa hozi maalumu ya AC, yenye utando ndani unaozuia gesi kupenya kwenye mpira, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine. Hozi ya maji na klipu ya bisibisi havina kazi hapa. Upande wa juu wa mfumo unafanya kazi kwenye presha ya psi 200 na zaidi. Yalegezwe kidogo ili injini ipate nafasi ya kucheza, na yakae mbali na manifoldi ya moshi.

Kama gari ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kuna jambo la kuongeza. Magari ya wakati huo yalitumia R12, gesi iliyoondolewa baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Gari la Mjomba ni la enzi hizo. Huwezi kumimina R134a juu ya mabaki ya R12, kwa sababu oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya. Oili itabaki imetulia kwenye evapoleta wakati kompresa inakauka na kujila yenyewe. Mfumo unasafishwa, draya inatupwa, oringi zote, zile pete za mpira za kwenye maungio, zinabadilishwa, na oili inawekwa ile iliyoandikwa kwenye kompresa, iliyopimwa kwa mililita. Draya inatupwa hata kama gari si la zamani. Kazi yake ni kunyonya unyevu, na kwa gari la Mjomba ilikuwa imekaa mdomo wazi karibu mwaka, ikinyonya masika yote.

Umeme: mtego wa volti 24

Puli ya mbele ya kompresa inazunguka muda wote injini inapowaka, lakini kompresa yenyewe inazunguka pale tu klachi ya sumaku inapopata umeme na kuidaka. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukibonyeza swichi ya AC ni klachi inashika.

Baadhi ya injini za 1HZ zinazotufikia zilitolewa kwenye magari ya soko la Japan ya volti 24. Gari lililokuwa na 3F ni la volti 12. Ukifunga kompresa ya volti 24 kwenye gari la volti 12, klachi inashika kiuvivu, inateleza, inapata moto, na baada ya siku kadhaa unanusa harufu ya breki iliyoungua. Fundi anabadilisha klachi, analeta nyingine ya volti 24, na hadithi inajirudia. Njia ya kujua ni rahisi: pima waya wa klachi kwa mita. Ya volti 12 kwa kawaida inasoma kati ya ohmu 3 na 4. Ya volti 24 inasoma mara kadhaa zaidi. Ampia 3 au 4 zinazopita hapo nazo zipitishwe kwenye rilei na fyuzi, zisitegemee waya mwembamba wa swichi ya dashibodi.

Kisha kuna sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Kompresa ikishika, inaivuta injini nguvu farasi kadhaa, na kwenye mwinuko huu wetu injini isiyo na turbo imeshapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Kiwanda kililijua hilo, kikaweka kifaa cha kupandisha sailensa kidogo AC inapowashwa. Kwenye dizeli za zamani ni kikopo cha vakyumu kinachovuta mkono wa pampu. Kwenye injini za kontrol boksi, yaani zinazoongozwa na kompyuta, swichi ya AC inapeleka ombi, boksi inaongeza mafuta, ndipo inaruhusu klachi. Mafundi wengi wanaobadilisha injini za kontrol boksi wanaruka waya huo. Wanapeleka umeme moja kwa moja kwenye klachi na kukabidhi gari. Ukifika mataa gari linatetemeka na kuzima, na wewe unaambiwa injini ni mbovu. Injini haijaambiwa tu kwamba imeongezewa mzigo.

Usikubali pia swichi ya presha irukwe. Ni kidude kidogo karibu na draya, kinachokata klachi gesi ikipungua mno au presha ikipanda mno. Wanaounga waya na kuipita "ili AC ishike" wanaondoa kinga ya kompresa.

Upepo wa mbele

Joto lililonyonywa ndani lazima litoke mahali fulani, na mahali hapo ni kondensa. Injini mpya ikiwa ndefu zaidi, rejeta husogezwa mbele, feni hubadilishwa, na kile kikombe cha plastiki kinachoizunguka hutupwa kwa sababu hakienei. AC itapoza ukiwa unatembea kwenda Kibaigwa na kupuliza vuguvugu ukisimama. Kikombe kirudishwe, au kondensa ipewe feni yake ya umeme. Na kabla ya kulaumu chochote, mulika tochi katikati ya kondensa na rejeta. Kwenye gari la Mjomba tulitoa kiganja kizima cha vumbi jekundu lililogandamana na mbegu za nyasi. Maji ya kawaida, kutokea upande wa injini kuelekea mbele, bila presha kali ya kulaza mapezi.

Sindano iliyogoma kwenye 26

Kabla ya gesi kuingia, hewa na unyevu hutolewa kwa pampu ya vakyumu, nusu saa au zaidi. Tulimpata fundi mzuri, kijana mwenye mikono safi, aliyejifunzia kazi Dar. Akaunganisha geji, akawasha pampu. Sindano ikashuka, ikafika karibu na 26, ikasimama. Akasubiri. Haikwenda. Akasema kuna mahali panavuja, kwa sababu yeye siku zote anafika karibu 30. Tukapaka povu la sabuni kila kiungo, tukakaza oringi zilizokwisha kukazwa, jua likazama.

Hakukuwa na uvujaji. Geji ile inapima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje, kwa inchi za zebaki. Dar, usawa wa bahari, hewa ya nje ina uzito wa karibu inchi 30, kwa hiyo ukiitoa yote unasoma 30. Dodoma hewa yenyewe ina inchi 26 hivi. Huwezi kutoa 30 kwenye 26. Jaribio la kweli ni kufunga valvu, kuzima pampu na kusubiri dakika 20: sindano ikibaki pale pale, mfumo umeziba. Ya kwetu ilibaki.

Gesi iingizwe kwa mizani. Gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha boneti ni za mabomba ya zamani, kwa hiyo zinakuwa pa kuanzia, kisha unasoma geji: hali ya hewa ya nyuzi 30, upande wa chini psi 30 hadi 40, wa juu kuanzia 180 hadi 230 hivi. Kuna imani kwamba gesi ikizidi baridi inazidi. Kinyume chake: kondensa inajaa kimiminika, nafasi ya kutolea joto inapungua, presha inapanda na upepo wa ndani unakuwa vuguvugu.

Na ile kauli ya fundi wa tatu? Gesi ya AC haiishi kama petroli. Haichomwi, inazunguka. Ikipungua haraka, imetoka kwa tundu, na kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wapo pia watakaokushauri utumie gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Kupoza inapoza, sitawadanganya. Friji nyingi za nyumbani za siku hizi zina gesi ya jamii hiyo, gramu chache tu. Lakini evapoleta ya gari imo ndani mnamokaa na watoto, karibu na waya za dashibodi, na gramu zake si chache. Mimi silipandi gari hilo.

Kazi yote ilichukua siku nne, mbili zikiwa za kutafuta braketi. Wiki iliyofuata Mjomba alisafiri, na saa saba mchana akanipigia kutoka Msamvu, Morogoro, sauti juu. Maji yanamwagika chini ya gari, rejeta imepasuka, aite breakdown? Hapa Dodoma kiangazi hewa ni kavu, evapoleta haina unyevu mwingi wa kukamata, kwa hiyo hajawahi kuona zaidi ya matone mawili matatu. Kule chini hewa ina unyevu zaidi, unageuka maji kwenye mapezi ya baridi kama jasho la chupa ya soda na kutoka kwa bomba dogo chini ya sakafu. Nikamwambia aweke kidole.

"Ya baridi," akasema, kisha akanyamaza kidogo. "Sasa nikiyakinga, yanafaa kwa betri?"